Swali la Mwalimu na Mji wa Kitendawili: Kuhusu Kimya cha Wanafunzi Darasani

Ikisiri

Kimya cha wanafunzi katika madarasa ya Afrika Mashariki kimeelezwa mara nyingi kuwa ni zao la utamaduni wa kuwatii wakubwa, au kuwa ni zao la kufundishia kwa lugha ya kigeni. Makala hii inaikataa hoja ya kwanza, na inaikubali ya pili kwa kiasi. Inadai kuwa kipo chanzo kingine kisichopewa uzito unaostahili, nacho ni umbo la swali la mwalimu pamoja na namna jibu linavyopokewa. Ili kulifafanua hilo, swali la darasani linalinganishwa na utegaji wa vitendawili, ambao nao ni mazungumzo ya maswali na majibu, lakini hauwanyamazishi watoto. Mifano ya mazungumzo ya darasani iliyomo ni ya kubuni, na imetungwa kwa ajili ya kufafanua hoja tu.

1.0 Utangulizi

Mtu apitaye kando ya shule ya msingi wakati wa vipindi vya asubuhi, iwe Tanga, Tabora au Unguja, hakuti kimya. Husikia sauti ya mwalimu ikipanda, kisha sauti za wanafunzi wote kwa pamoja, kisha ya mwalimu tena. Hata hivyo, lau angeingia ndani na kutaka kujua ni mwanafunzi yupi aliyesema sentensi moja kamili aliyoitunga mwenyewe tangu kipindi kianze, yamkini asingempata hata mmoja. Kimya kinachozungumziwa katika makala hii ndicho hicho. Si ukosefu wa sauti, bali ni ukosefu wa kauli ya mwanafunzi mwenyewe.

Jambo hili si la Afrika Mashariki peke yake. Flanders (1970), kutokana na utafiti wake katika madarasa ya Marekani, alieleza kuwa takribani theluthi mbili za muda wa kipindi hujaa maneno, na kwamba takribani theluthi mbili za maneno hayo ni ya mwalimu. Sinclair na Coulthard (1975), waliochunguza mazungumzo ya madarasa ya Uingereza, walionyesha kuwa mazungumzo hayo yana zamu tatu zinazojirudia: mwalimu huanzisha, mwanafunzi hujibu, mwalimu hutathmini. Kati ya kila zamu tatu, mwalimu anamiliki mbili, na zote mbili ndizo zenye mamlaka: ile inayoamua jambo la kusemwa, na ile inayoamua thamani ya kilichosemwa.

Kwa upande wa Tanzania suala hili lina uzito wa pekee, kwa sababu limekuwamo katika falsafa ya elimu ya nchi kwa muda mrefu. Katika Elimu ya Kujitegemea, maandiko aliyoyatoa Machi 1967, Mwalimu Nyerere aliyataja mambo matatu ambayo shule haina budi kumjengea kijana: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kutokana na wafanyayo wengine na kuyachuja, na kujiamini. Hakuna hata moja kati ya matatu hayo linaloweza kujengwa kwa mtoto ambaye kazi yake darasani ni kumalizia neno la mwalimu. Mitaala ya sekondari iliyorekebishwa mwaka 2005 kwa kuzingatia umahiri ilirudi palepale kwa istilahi mpya, ikimtaka mwanafunzi awe mshiriki na mwalimu awe mwezeshaji. Umbali baina ya maandiko hayo na darasa lenyewe ndio unaostahili kuchunguzwa.

2.0 Hoja ya Utamaduni

Maelezo yanayosikika mara nyingi kuhusu kimya hiki ni kwamba mtoto wa Kiafrika amelelewa kumsikiliza mkubwa na kutomjibu. Wanaoshikilia maelezo haya hawakosi ushahidi. Methali za kuonya zipo, na mojawapo inamwambia msemaji kuwa heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Zipo pia adabu za mazungumzo: shikamoo, kuinuka mwalimu aingiapo, kutomkatiza mzee kauli. Aidha, chuoni, yaani katika madarasa ya Kurani, mtoto wa pwani hukutana kwanza na elimu kwa njia ya kukariri na kuitikia, na yapo maoni kuwa shule ya kisasa imeurithi mtindo huo.

Ushahidi huu ni wa kweli, lakini haufikishi mbali. Watoto walewale wanaonyamaza darasani huonekana wakibishana kwenye uwanja wa mpira juu ya goli lililokataliwa, kwa hoja na ushahidi. Husimulia ngano, huulizana, hutaniana na babu na bibi zao kwa ruhusa kamili ya utamaduni huohuo unaodaiwa kuwaziba midomo. Mathias Mnyampala, alipoukuza utanzu wa ngonjera, aliujenga juu ya majibizano, na katika miaka ya baada ya Azimio la Arusha ngonjera zilienea mashuleni kwa kasi ambayo isingewezekana kama majibizano yangekuwa kitu kigeni. Kwa hiyo, utamaduni haumkatazi mtoto kusema. Unachofanya ni kumpangia mahali, wakati na namna ya kusema. Swali lenye manufaa zaidi, basi, ni hili: darasa limepanga nini?

Na hata suala la kukariri chuoni linahitaji uangalifu. Mwanachuo hurudia maneno ambayo hayapaswi kubadilishwa hata herufi, na kurudia huko kuna sababu yake. Lawama haimstahili maalimu wa Kurani ikiwa mwalimu wa sayansi atalifundisha somo lake kana kwamba nalo ni matini isiyoguswa.

3.0 Umbo la Swali la Mwalimu

Mfano ufuatao ni wa aina ambayo kila aliyepitia shule ya msingi ataitambua.

Mwalimu: Mimea hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa jua. Mimea hujitengenezea chakula kwa kutumia mwanga wa nini?
Wanafunzi: Wa juaaa!
Mwalimu: Kitendo hicho huitwa usanisinuru. Huitwa usanisi…?
Wanafunzi: Nuruuu!
Mwalimu: Tumeelewana?
Wanafunzi: Ndiyooo!

Katika mfano huu wanafunzi wamesema mara tatu, na hakuna hata mara moja walipolazimika kufikiri. Inafaa kuchunguza jinsi lugha yenyewe ilivyotumika kuwezesha jambo hilo, kwani hapa mwanaisimu anaweza kumsaidia mwanaelimu. Kiswahili huruhusu neno la kuulizia kubaki mahali pa neno linaloulizwa. Sentensi ya taarifa hugeuka swali kwa kubadili neno lake la mwisho tu: jua huwa nini, Dodoma huwa wapi, asubuhi huwa lini. Mwalimu hahitaji kutunga swali. Hukata mkia wa sentensi aliyokwisha kuisema na kuweka kiulizi. Mwanafunzi naye hahitaji kuelewa sentensi nzima, kwani hukumbuka mkia uliokatwa na kuurudisha.

Umbo la silabi za Kiswahili hulirahisisha jambo hili zaidi. Kwa kuwa silabi nyingi ni wazi na mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, neno refu linaweza kukatwa katikati bila ya kuharibika masikioni, na nusu iliyobaki huitika kwa mahadhi. Ndiyo maana istilahi ndefu kama usanisinuru zinapendwa sana katika uitikiaji huu. Mtoto anayeitikia nuru kwa sauti kubwa amethibitisha kuwa ameisikia silabi ya nne. Kama anajua kuwa jani lililofunikwa kwa karatasi nyeusi kwa siku kadhaa hupungukiwa na wanga, au kwa nini liwe hivyo, mwalimu hana njia ya kutambua.

Swali la tumeelewana nalo lina kasoro yake. Kisarufi ni swali la ndiyo au hapana, lakini kimatumizi halina hapana. Mwanafunzi atakayejibu hapana atakuwa amefanya mambo mawili kwa pamoja: amejitangaza kuwa mzito wa kuelewa mbele ya wenzake, na amemtangaza mwalimu kuwa hakufundisha vema. Kwa mtoto wa miaka kumi na miwili huo ni mzigo mkubwa. Chick (1996), akiandika juu ya madarasa ya Waafrika katika Afrika Kusini ya enzi ya ubaguzi, aliyaita mazungumzo ya namna hii kuwa ni ya usalama: mwalimu na wanafunzi wanashirikiana kuficha kwamba ujifunzaji hautendeki, na kila upande unahifadhi heshima yake. Maelezo hayo yanafaa kutumiwa nje ya mazingira yalikotokea, kwa tahadhari. Uitikiaji wa pamoja si upumbavu wa mwalimu. Ni kinga, na anayetaka kuuondoa hana budi aoneshe kinga nyingine itakayochukua nafasi yake.

Hatari halisi huonekana mwalimu anapoacha kuuliza wote na kumwita mmoja. Hapo zamu ya tatu hufika haraka. Jibu likiwa sahihi, wenzake huamriwa wampigie makofi. Likiwa si sahihi, neno linalosikika ni moja: Mwingine! Neno hili linastahili kutazamwa kwa makini kuliko linavyotazamwa. Halisemi jibu limekosea wapi. Halisemi hata kama limekosea. Linamfuta msemaji na kuita mbadala wake. Pale ambapo mwanafunzi huamriwa abaki amesimama mpaka mwenzake ajibu, kosa la fikra limekwisha kugeuzwa kosa la nidhamu. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko shuleni zinaihusisha adhabu hiyo na makosa mazito ya nidhamu, na nchini Kenya adhabu hiyo iliondolewa shuleni mwaka 2001. Lakini kicheko cha wenzake hakina kanuni, na kwa wanafunzi wengi kinauma kuliko fimbo.

Kuna pia suala la muda. Rowe (1974) alipima muda ambao walimu wa sayansi nchini Marekani walingoja baada ya kuuliza swali, akakuta kuwa kwa kawaida haukuzidi sekunde moja hivi. Walimu walipozoezwa kungoja sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, wanafunzi walioshindwa kujibu walipungua, na maswali ya wanafunzi wenyewe yaliongezeka. Muda wa pili, yaani ule wa baada ya mwanafunzi kunyamaza na kabla ya mwalimu kutathmini, ulikuwa na athari kubwa vilevile. Sekunde tatu ni muda mfupi kwenye karatasi. Mwalimu aliyesimama mbele ya macho tisini huziona kuwa ndefu kupita kiasi.

4.0 Suala la Lugha

Ni vigumu kuzungumzia kimya cha darasa la Tanzania bila ya kulifikia suala la lugha ya kufundishia, na si kwa bahati mbaya kwamba limeandikiwa kurasa nyingi kuliko jingine lolote katika uwanja huu. Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali mwaka 1967. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kuwa Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Criper na Dodd (1984) walithibitisha kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuwa chombo cha kujifunzia, kisha, katika mojawapo ya hitimisho za kushangaza sana katika historia ya elimu ya nchi hii, wakashauri kiendelee kutumika na kiimarishwe. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilitamka kuwa Kiswahili kitafundishia katika ngazi zote huku nafasi ya Kiingereza ikibakishwa, lakini katika shule za sekondari za serikali mazoea ya kufundishia kwa Kiingereza yaliendelea.

Athari ya hali hii katika uzungumzaji ni dhahiri. Mwalimu wa kidato cha kwanza huuliza kwa Kiingereza na darasa likatulia tuli. Hulirudia swali kwa Kiswahili, akianza na neno yaani, na mikono ikainuka. Kisha hukumbusha kuwa jibu litolewe kwa Kiingereza, na mikono ikashuka. Katika sekunde chache hizo mwanafunzi amethibitishiwa kuwa anachokijua hakina thamani mpaka kibadilishwe sarafu. Mradi wa utafiti wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 na kuwashirikisha wanazuoni wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, ulilinganisha masomo yaliyofundishwa kwa Kiingereza na yaliyofundishwa kwa lugha za wanafunzi, na suala la ushiriki lilijitokeza wazi. Mwinsheikhe, aliyeshughulikia somo la biolojia, alionyesha kuwa wanafunzi wa sekondari hushiriki kwa uchangamfu zaidi somo linapofundishwa kwa Kiswahili. Qorro na Rubagumya wameieleza hali hiyohiyo kwa miaka mingi. Mabango yanayomwamuru mwanafunzi azungumze Kiingereza tu katika eneo la shule ni ndugu wa kile kibao cha kuvishwa shingoni ambacho Ngũgĩ wa Thiong'o (1986) alikikumbuka kutoka Kenya ya kikoloni.

Pamoja na hayo, hoja ya lugha ina mpaka wake, na watetezi wa Kiswahili hawapati faida yoyote kwa kuuficha. Mfano wa usanisinuru uliotolewa hapo juu ni wa shule ya msingi, na lugha yake ni Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi hakunyimwa lugha; alinyimwa zamu. Ikiwa siku moja sekondari zote zitahamia kwenye Kiswahili na umbo la swali likabaki lilivyo, kitakachopatikana ni uitikiaji wa pamoja ulio fasaha zaidi. Lugha inayoeleweka ni sharti la lazima la ushiriki, lakini peke yake haitoshi.

5.0 Kitendawili Kama Kipimo

Kitendawili kinafaa kulinganishwa na swali la mwalimu kwa sababu yanafanana katika jambo ambalo kwa kawaida hulaumiwa: katika yote mawili, muulizaji analijua jibu. Wanaisimu wa mazungumzo ya darasani wamelishutumu sana swali la aina hiyo, wakidai kuwa si swali la kweli. Lakini watoto hukesha wakiulizana vitendawili ambavyo mtegaji anayajua majibu yake yote. Kwa hiyo, kasoro haimo katika kujua jibu. Imo kwingine.

Kwanza, utegaji huanza kwa idhini. Mtegaji husema Kitendawili, na hawezi kuendelea mpaka asikie Tega. Neno hili dogo la kuitikia ni mkataba, kwa kuwa wasikilizaji wamekubali kuulizwa. Pili, swali haliendi kwa mtu mmoja. Mtegaji akisema nyumba yangu haina mlango, yeyote anaweza kubahatisha: kaburi, mtungi, nazi. Kila jibu lisilo sahihi hukataliwa kwa neno jepesi, na mchezo ukaendelea. Majibu yaliyokataliwa hayapotei, kwani humpunguzia anayefuata uwanja wa kutafuta mpaka mmoja asemapo yai. Tathmini imecheleweshwa, na imekuwa mali ya kundi.

Tatu, na hili ndilo jambo la msingi, utegaji una mlango wa kutokea kwa heshima. Wasikilizaji wakishindwa, mtegaji hudai apewe mji. Hupewa Lamu, akaukataa. Hupewa Bagamoyo, akaukataa. Hupewa Mombasa, akaridhika. Kisha, kabla ya kufichua jibu, hueleza namna alivyofika katika mji huo na jinsi alivyokaribishwa. Kushindwa kumelipiwa, lakini kwa sarafu ya ubunifu, na aliyeshindwa amepata nafasi ya kusema, kuchagua na kuchekesha. Mtegaji naye amewajibika: hawezi kulimeza jibu, wala kumfukuza aliyeshindwa kwa kumwita mwingine. Nne, mahali pengi anayetegua hupata haki ya kutega, kwa hiyo zamu ya kuuliza huzunguka.

Ukilinganishwa na hayo, ubaya wa darasa huonekana bayana. Mwanafunzi huulizwa bila ya idhini, peke yake, kwa sekunde moja, na akishindwa hana mji wa kutoa. Kwa mtu mwenye akili timamu, kunyamaza katika mazingira hayo ni uamuzi wa busara.

Ulinganisho huu usikuzwe kupita kiasi. Vitendawili vingi vina jibu moja lililokubalika, nalo hukaririwa. Mtoto aliyewahi kusikia kuwa kuku wangu katagia mwibani ni nanasi hajafanya ugunduzi wowote anapojibu mara ya pili. Aidha, katika kundi la wategaji nako wapo wenye sauti kubwa na wapo waliojificha nyuma. Lengo si kuligeuza somo la hisabati liwe mchezo wa jioni, na majaribio ya kuanza kila kipindi kwa kitendawili ili kuchangamsha darasa, ingawa hayana madhara, hayagusi kiini. Kinachofaa kuazimwa ni muundo wa haki na wajibu wa wazungumzaji.

6.0 Kuupeleka Muundo Huo Darasani

Kikwazo cha kwanza kitakachotajwa na mwalimu ni idadi, na ana haki ya kukitaja. Azimio la Musoma la mwaka 1974, kufutwa kwa ada ya shule za msingi mwaka 2001 na elimu bila malipo iliyotekelezwa kuanzia mwaka 2016 yote yalijaza madarasa kwa sababu njema. Hesabu ni rahisi. Katika kipindi cha dakika 40 chenye wanafunzi 45, hata mwalimu asiposema neno lolote, kila mwanafunzi hupata sekunde 53. Wakiwa 90, hupata sekunde zisizofika 27. Mwalimu asemapo theluthi mbili za maneno, kinachobaki kwa kila mmoja ni sekunde chache mno. Ina maana kwamba hakuna ustadi wowote wa kuuliza mmoja mmoja utakaowapa wanafunzi hao nafasi. Lakini wanafunzi 90 wakigeukiana wawili wawili kwa dakika nne, kila mmoja hupata dakika mbili nzima za kusema, bila ya dawati hata moja kusogezwa. Wingi wa wanafunzi, unaotolewa kama sababu ya kuitikia kwa pamoja, ndio hasa sababu ya kuuacha.

Chukulia swali hili la darasa la tano: nguo iliyolowa ikianikwa kivulini hukauka, ilhali jua halikuifikia, maji yamekwenda wapi, na ni nini kilichoyaondoa? Mwalimu huliandika ubaoni na kunyamaza. Wanafunzi hujadiliana wawili wawili kwa lugha waijuayo, na katika sekondari lugha hiyo itakuwa Kiswahili hata kama taarifa ya mwisho itatakiwa kwa Kiingereza. Kisha mwalimu hukusanya majibu na kuyaandika yote, bila ya kuweka alama ya vema wala ya kosa: upepo umeyachukua, yamezama ndani ya uzi, yamedondoka chini, joto la hewa limeyageuza mvuke. Jibu la pili na la tatu yanaweza kupimwa papo hapo. Nguo ilikamuliwa kwanza na chini hapakulowa. Nguo iliyokauka ni nyepesi kuliko iliyolowa. Sasa majibu yaliyokataliwa yamekataliwa na ushahidi, wala si na mwalimu, na la kwanza na la nne yanaanza kuonekana kuwa yana undugu.

Katika hatua hii zamu ya tatu ya mwalimu huhitaji maneno tofauti na yale ya mazoea. Umejuaje humtaka mwanafunzi atoe msingi wa jibu, sahihi au lisilo sahihi. Nani ana maoni mengine hualika bila ya kufuta. Hata kiitikio cha kawaida cha mazungumzo, yaani enhe, kina kazi kubwa kuliko kinavyodhaniwa. Katika maongezi ya nyumbani, msikilizaji asemaye enhe humwachia msemaji zamu yake na kumtaka aendelee, ilhali vizuri humaliza zamu hiyo hata pale inapokusudiwa kuwa sifa. Mwalimu anayesifu haraka hufunga mlango kwa upole.

Na mji je? Pendekezo la makala hii ni kwamba mwanafunzi asiyejua aruhusiwe kusema sijui, kwa sharti kwamba alipe mji wake, na mji huo uwe swali. Sijui, ila nataka kujua kama nguo ingekauka ndani ya mfuko wa plastiki. Swali kama hilo lina thamani kuliko majibu sahihi kumi ya kuitikia, kwa kuwa linaonyesha kwamba muulizaji ameshashuku kuwa hewa inahusika. Faida nyingine ni ya kiadabu. Kiulizi mbona, ambacho watoto hukitumia sana miongoni mwao, hubeba ladha ya lawama kinapoelekezwa kwa mkubwa. Mbona umesema hivi si kauli ya kumwambia mwalimu. Mtoto mwenye adabu hujikuta hana umbo la kuulizia la jambo linalomtatiza. Swali likifanywa kuwa malipo yanayodaiwa na mwalimu mwenyewe, linakuwa limekwisha kupewa idhini, na adabu haivunjiki.

Jambo moja halina budi kusemwa kuhusu walioketi pembeni. Adams na Biddle (1970) walionyesha kuwa mazungumzo ya mwalimu hukusanyika kwa wanafunzi wa mbele na wa mstari wa katikati. Mwalimu anayeamini kuwa darasa lake linashiriki mara nyingi amehesabu hao tu. Katika madarasa ambamo wasichana wameketishwa pembeni au nyuma, kimya chao hutafsiriwa kuwa haya kabla ya kutazamwa wameketi wapi.

7.0 Kinachokaguliwa

Mambo yaliyojadiliwa hapa hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mwalimu avumilie sekunde tatu za kimya, aandike majibu yasiyo sahihi ubaoni bila ya kuyafuta, na akubali kelele za wanafunzi 90 wanaozungumza kwa wakati mmoja. Hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu kelele hizo husikika mpaka ofisi ya mwalimu mkuu. Darasa linaloitikia kwa pamoja husikika lina mwalimu, na darasa linalojadiliana husikika kama halina.

Mwanachuo wa ualimu aliye katika mazoezi ya kufundisha hulijua hili vema. Mkufunzi wake huja, huketi nyuma ya darasa na kujaza fomu: andalio la somo, matumizi ya ubao, zana, sauti ya mwalimu, udhibiti wa darasa. Katika kipengele hicho cha mwisho, utulivu huleta alama. Mwanachuo aliyejifunza nadharia ya ushirikishwaji kwa miaka miwili huirejea njia ya uitikiaji siku ya ukaguzi, naye hakosei katika kukadiria kitakachompatia alama. Fomu ya aina hiyo ikiongezewa safu mbili, moja ya kuhesabu wanafunzi waliosema sentensi kamili ya kwao, na nyingine ya kuhesabu maswali yaliyoulizwa na wanafunzi wenyewe, mkufunzi ataweza kuzijaza kwa kalamu ileile, akiwa ameketi palepale nyuma ya darasa.